Mlango wa gari haukai sawa baada ya kunyooshwa bodi: tafuta chanzo kabla ya kulegeza bolti

Gari limetoka gereji, rangi inang'aa, puti haionekani, hesabu imelipwa. Unafunga mlango wa dereva, chuma kinagonga chuma, mlango unapanda kidogo ndipo unakamata. Unamuuliza fundi, naye anakujibu, "Bosi, raba mpya hiyo, itazoea yenyewe."

Raba mpya kweli huwa ngumu, na siku za mwanzo mlango unaweza kutaka mkono mzito kidogo. Lakini raba haiinui mlango. Haifanyi uwazi wa juu uwe mpana na wa chini uwe mwembamba, wala haikwaruzi rangi ya fenda. Ukiona dalili hizo, kuna kitu hakijarudi mahali pake: bawaba, nguzo, mlango wenyewe, au kile kipande cha chuma chenye umbo la U kwenye nguzo ambacho kitasa hukikamata. Kazi ni kujua ni kipi kati ya hivyo, na kinajulikana bila mashine ya gharama.

Nawaandikia wenye magari na mafundi vijana wa huku kwetu, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, ambako mlango mwingine hauagizwi asubuhi ukafika mchana. Spea nyingi za bodi zinatoka Dar es Salaam, zinakuja na basi, na ukikosea kuagiza umepoteza pesa ya mzigo na siku kadhaa. Kwa hiyo uchunguzi kwanza.

Hicho kipande cha U nitakiita kishikizo. Ndicho kinachoponza watu, kwa sababu kukifikia ni rahisi: bolti mbili tu, unalegeza, unagonga kidogo, unakaza, mlango unafunga. Fundi mwenye haraka huanzia hapo. Mlango ukiwa umelala kwa sababu ya bawaba, ukashusha kishikizo kiufuate, siku hiyo utafunga vizuri na mteja ataondoka. Lakini bawaba mbovu imebaki mbovu, na sasa mlango unakaa chini ya mstari wa bodi, unasugua kizingiti na kubana raba upande mmoja. Muda si mrefu tatizo linarudi likiwa kubwa zaidi. Kishikizo kiwe cha mwisho kuguswa, siku zote.

Kabla ya kushika spana

Weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Mchanga wa nyua zetu nyingi hapa Mtwara haufai: gurudumu moja likizama, bodi inajipinda kidogo na vipimo vinakudanganya. Magurudumu yote yawe chini, upepo wa matairi uwe sawa, na ndani pasiwe na mtu wala mzigo.

Kisha nenda upande ambao haukugongwa. Mlango wa upande ule ndio kipimo chako, kwa sababu gari ni la mwaka ule ule na limetembea barabara zile zile. Kwa magari madogo mengi uwazi kati ya mlango na jirani yake huwa kati ya milimita 3 na 5, lakini usishikilie namba ya jumla wakati gari lenyewe linakuonyesha ya kwake.

Kupima uwazi huna haja ya kifaa cha dukani. Kadi ya benki isiyo na herufi zilizovimba ina unene wa milimita 0.76, na vile vikadi vinavyobaki ukishabandua laini ya simu ni vya unene huo huo. Kusanya vitano au sita. Vitano vikibanwa pamoja ni karibu milimita 3.8. Ingiza kwenye uwazi juu, katikati na chini, uone vinaingia vingapi bila kulazimisha, kisha andika namba kwenye tepu ya karatasi ya fundi rangi na uibandike hapo hapo. Fanya hivyo mbele na nyuma ya kila mlango, pande zote mbili za gari. Ukimaliza, gari lenyewe limekuandikia mahali tatizo lilipo.

Jambo la usalama halina mjadala. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, kuna vihisi ndani ya nguzo ya kati au ndani ya mlango, na nyundo inaweza kuviamsha. Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kama Toyota inavyoelekeza, kabla ya kugonga au kufungua chochote hapo. Soketi za rangi ya njano usizichezee kabisa.

Majaribio yanayotenganisha chanzo na chanzo

La kwanza: fungua mlango nusu, shika ukingo wake wa nyuma kwa chini, uinue na kuuachia taratibu. Mwenzako aweke kidole kwenye bawaba, nusu kwenye bawaba na nusu kwenye nguzo. Ukisikia mchezo, kidole kinakuambia unatoka wapi. Pini ikicheza ndani ya bawaba, bawaba imekwisha. Bawaba nzima ikisogea juu ya nguzo, bolti hazijakazwa au uzi umeharibika. Lakini bati la nguzo lenyewe likipumua pamoja na bawaba, simamisha kazi. Hapo kuna ufa, kutu iliyofunikwa na puti, au welding isiyoshika, na hakuna marekebisho ya bolti yatakayodumu mpaka nguzo itengenezwe. Kama hakuna mchezo wowote, bawaba ni nzima na tatizo ni la mkao.

La pili ni kutoa kishikizo, na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Chora mstari kuzunguka kishikizo kwa penseli au ncha kali ili ujue kilipokuwa. Kwenye Toyota nyingi kinafunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya pembe sita (Torx) namba 40, si ile ya msalaba. Legeza bolti moja kwanza na usikilize kama bamba la nati lililo ndani ya nguzo limeshikiliwa, maana kwenye baadhi ya magari likidondoka unaanza kazi nyingine ya kulitafuta. Kishikizo kikishatoka, funga mlango polepole mpaka ugusane na raba. Sasa hakuna kinachouinua wala kuuvuta, na unauona unavyoning'inia kwa bawaba zake peke yake.

Ukikaa sawa na jirani zake bila kishikizo, kosa ni la kishikizo na kazi yako ni ya dakika chache. Ukikaa vibaya, weka kishikizo pembeni na ukisahau kwa muda.

La tatu ni kupima mishazari ya tundu la mlango. Futi kamba inafaa, lakini fito mbili nyembamba zilizofungwa pamoja kwa mpira, zinazoteleza moja juu ya nyingine, ni sahihi zaidi kwa sababu unazibeba hadi upande wa pili bila kusoma namba yoyote. Pima kutoka kona ya juu mbele hadi ya chini nyuma, kisha kona zile nyingine mbili, halafu linganisha na tundu la upande mzima. Chagua alama zinazofanana kabisa, kama tundu la bolti au kona ya welding ya kiwandani, si "hapa karibu na raba". Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, bodi haijarudi. Bawaba itaficha kidogo, haitaponya.

Kuna jaribio dogo ambalo mwenye gari anaweza kulifanya mwenyewe. Piga jeki kona moja mahali panaporuhusiwa, chini ya jeki ukiweka ubao mpana kama uko kwenye mchanga, kisha fungua na ufunge mlango. Bodi nzima itabadilika kidogo tu. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukigoma kabisa gari likiwa juu, kizingiti au nguzo haina nguvu. Kwa magari yaliyolala miaka karibu na bahari, Shangani au Mikindani, mara nyingi utakuta kutu ndani ya kizingiti iliyokuwepo kabla ya ajali, na ajali imeifichua tu.

Kona ya nyuma imeshuka: uwazi wa fenda ni mpana juu, mwembamba chini

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Mlango wa mbele umeinama kwa nyuma. Uwazi kati yake na fenda unafunguka juu na kubana chini, na uwazi kati yake na mlango wa nyuma unafanya kinyume chake. Kitasa kinafika kwenye kishikizo kikiwa chini, kinakigonga, kinapanda juu yake. Ndiyo ile hali ya mlango kuinuka unapofungwa.

Kama jaribio la kwanza lilionyesha pini zimelika, badilisha bawaba. Bawaba za Toyota ndogo nyingi zimefungwa kwa bolti na hutoka nzima nzima, na fundi mzuri wa kuchonga vyuma anaweza pia kukutengenezea pini mpya kwa zile zinazofunguka. Kama pini ni nzima, turudi kwenye uwazi ulioandika kwenye tepu. Uwazi wa juu wa fenda ukiwa umezidi na wa chini uko sawa, sogeza bawaba ya juu kuelekea mbele ya gari. Wa juu ukiwa sawa na wa chini umebana, sogeza bawaba ya chini kuelekea nyuma. Zote mbili zinainua kona ya nyuma, lakini moja tu ndiyo inayorudisha mlango mahali pake.

Sogeza kidogo sana. Bawaba mbili ziko mbali kwa sentimita 35 hadi 40 hivi, na mlango una urefu wa mita 1 hivi. Milimita 1 kwenye bawaba inakuwa milimita 2 hadi 3 kwenye kona ya nyuma. Vijana wengi wanalegeza bolti zote, mlango unaanguka, na mahali pa kuanzia pamepotea. Chora mstari kuzunguka bawaba zote. Weka jeki yenye mbao na kitambaa chini ya mlango, karibu na nyuma. Legeza bawaba moja tu, bolti zake ziwe bado zinashika kidogo, inua kwa jeki mpaka mstari usogee unavyotaka, kaza, shusha jeki, funga, tazama. Kisha rudia.

Sasa kuna jambo linalowatesa mafundi wengi na Toyota. Unalegeza bolti za bawaba, unasukuma, unainua, na bawaba haisogei hata unywele. Si kutu. Kiwandani Toyota hutumia bolti zenye shingo ya kujikita katikati ya tundu, na zikiwa ndani bawaba haina pa kwenda. Toa bolti moja moja na uweke ya kawaida ya saizi na ubora ule ule, yenye washa. Hapo bawaba itasogea. Usitanue tundu kwa kuchimba kabla ya kulijua hili.

Na ile desturi ya kubana kipande cha mbao au mkono wa spana kwenye bawaba kisha kusukuma mlango ili bawaba ipinde: siiungi mkono. Inafanya kazi machoni, ndiyo sababu haifi. Lakini nguvu ile haichagui; mara inapinda bawaba, mara inapasua bati la nguzo kuzunguka bolti, na ufa ule unaanza kunywa maji ya chumvi siku hiyo hiyo.

Uwazi uko sambamba lakini mlango umekaa juu, chini, mbele au nyuma

Hapa mlango haujainama, umehama. Sogeza bawaba zote mbili kwa kipimo kile kile, upande wa nguzo. Kabla ya hapo, jiulize kama aliyehama ni mlango au ni jirani yake. Fenda ndiyo hufungwa mwisho na ndiyo hukosewa mara nyingi. Mlango wa mbele ukiwa na uwazi mzuri nyuma, ukawa unagusa fenda unapofunguliwa, kosa ni la fenda. Legeza fenda uisukume mbele, mlango usiuguse. Kuthibitisha, ning'iniza karatasi kwenye uwazi na ufungue mlango taratibu uone inabanwa wapi.

Mpangilio sahihi unatoka nyuma kwenda mbele. Bodi ya nyuma, juu ya gurudumu, imechomelewa na haisogei. Mlango wa nyuma unafuata bodi hiyo, mlango wa mbele unafuata wa nyuma, fenda inafuata mlango wa mbele, boneti inafuata fenda. Anayeanzia kwenye boneti na taa anasukuma kosa lote kwenda nyuma, ambako hakuna tena cha kulegeza.

Mlango umetoka nje au umeingia ndani kuliko jirani yake

Pitisha kiganja kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma, macho yamefungwa. Kiganja huhisi hata nusu milimita. Ukishindwa kupata usawa kamili, ni afadhali ukingo wa nyuma wa kipande cha mbele utokeze kidogo kuliko kipande kinachofuata, kwa sababu upepo unapita bila kugonga kitu. Kinyume chake kinaleta mluzi.

Ukingo wa nyuma wote ukiwa nje au ndani kwa kiasi kimoja, na upande wa bawaba uko sawa, kishikizo kinatosha: kisogeze ndani au nje. Ukingo wa mbele ukiwa ndio uliotoka au kuzama, rekebisha bolti za bawaba zilizo upande wa mlango.

Ikiwa kona ya chini nyuma imetoka huku ya juu iko sawa, kumbuka kanuni ya kona zinazokabiliana. Ukivuta bawaba ya juu nje, kona ya chini nyuma inaingia. Ukivuta bawaba ya chini nje, kona ya juu nyuma inaingia. Tumia hilo kidogo kidogo, maana huwezi kuharibu mbele ili kuponya nyuma. Kama mbele iko sawa kabisa, mishazari iko sawa, na kona moja bado imetoka, basi mlango wenyewe umejipinda. Mlango wa mtumba mara nyingi unafika hivyo, kwa kulaliwa na mizigo mingine njiani.

Usisahau puti. Funga sumaku kwa kitambaa laini uipitishe juu ya mlango. Mahali inapoachia, puti ni nene, na huenda huo "usawa" wa mlango umechongwa badala ya kunyooshwa. Puti inayozidi milimita 3 hivi kwenye kitu kinachofungwa kwa kishindo kila siku itapasuka.

Mlango hautaki kukamata mpaka uubamize

Anza na lililo rahisi: shusha kioo, kisha funga. Ukifunga vizuri kioo kikiwa wazi na kugoma kikiwa juu, hewa imekosa pa kutokea. Magari yana matundu ya kupumua nyuma, mara nyingi ndani ya bampa au pembeni mwa buti, yenye vibawa laini vya raba. Gari lililogongwa nyuma likinyooshwa, matundu hayo huzibwa kwa gundi ya mshono, kwa rangi, au kwa bati lililowekwa juu yake. Nimeona watu wakisogeza kishikizo mara kadhaa wakati tundu limezibwa.

Kama kioo hakileti tofauti, jaribu kitasa chenyewe mlango ukiwa wazi. Kwa bisibisi sukuma ule ulimi unaozunguka: utasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili. Vuta mkono wa mlango uuachie. Milio lazima iwe miwili. Mlio mmoja maana yake mlango unakamata hatua ya kwanza tu. Unaonekana umefungwa, taa ya mlango kwenye dashibodi inabaki inawaka, na kwenye ajali nyingine unaweza kufunguka. Gari la namna hiyo lisibebe mtoto kiti cha nyuma mpaka limetengenezwa. Kitasa kikiwa kizito, safisha na ulainishe. Kikiwa kizuri, paka chaki kwenye kishikizo, funga mara moja, ufungue uone ulimi umeigusa wapi. Alama inatakiwa iwe katikati. Hapo, na hapo tu, kishikizo kina haki ya kusogezwa.

Raba nayo iangaliwe. Raba ya gari jingine inaweza kufanana kwa macho na kuwa nene zaidi. Weka ukanda wa karatasi juu ya raba, funga, vuta. Karatasi itoke kwa ugumu unaolingana kuzunguka mlango mzima. Ikitoka bure mahali pamoja na kukatika pengine, mkao wa mlango ndio tatizo.

Mluzi wa upepo, maji na vumbi

Endesha kutoka mjini hadi Mikindani na kurudi, vioo juu, redio imezimwa. Ile barabara ya kando ya bahari ina upepo wa kutosha kukuambia ukweli. Mluzi unaotoka juu ya kioo maana yake fremu ya kioo imeachana na raba; fremu inaweza kurudishwa ndani kwa mikono na kipande cha mbao chenye kitambaa, kioo kikiwa kimeshushwa kabisa, milimita moja au mbili kwa mara.

Vumbi jekundu la Newala na Tandahimba ni mpelelezi bora kuliko maji. Baada ya safari fungua mlango utazame fremu: mahali vumbi lilipopita limeacha mchirizi.

Maji yana njia mbili na watu huzichanganya. Yakiingia kupitia raba, utaona unyevu kwenye ukingo wa tundu la mlango. Yakitokea chini ya pambo la ndani, raba haina kosa: ni ile karatasi ya nailoni ndani ya mlango iliyochanwa wakati wa kunyoosha na haikurudishwa. Kioo hupitisha maji ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Hilo ni la kawaida, ndiyo maana mlango una matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini. Fundi rangi akiyaziba kwa puti, maji yanabaki humo. Tikisa mlango, na ukisikia maji yakicheza, yazibue leo. Mvua zetu zinaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mlango uliojaa maji muda wote huo unaoza kutoka ndani.

Mlango wa kuteleza wa Noah

Huo hauna bawaba, una rola tatu: ya juu, ya chini na ya katikati kwenye reli ya ubavuni. Nyuma ikishuka, tazama rola ya katikati. Mbele ikishuka, ya chini. Baada ya kugongwa ubavuni reli hupinda kidogo sana, na mlango unakwama mahali pale pale kila safari. Nyoosha reli kwanza. Rola mpya kwenye reli iliyopinda hailipi.

Vipimo vyote vimefanywa, uwazi bado umegoma

Basi nguzo imehama. Gari lililogongwa mbele kwa nguvu husukuma nguzo ya mbele nyuma na kukunja paa kidogo juu ya mlango. Tafuta rangi iliyopasuka au mkunjo hapo. Lililogongwa ubavuni huingiza nguzo ya kati ndani, na milango yote miwili inakosa usawa kwa pamoja.

Hii si kazi ya spana, na haifai kufanywa kwa mnyororo na mti wa mwembe. Nguzo inarudishwa kwa kuvutwa ikiwa imeshikiliwa na kupimwa, kidogo kidogo. Zaidi ya yote, isichomwe moto ili ilainike. Nguzo za kati za magari mengi ya miaka ya karibuni ni chuma cha nguvu ya juu kilichopikwa kiwandani, na moto wa gesi unaondoa nguvu hiyo bila kuacha alama utakayoiona ukishapiga rangi. Nguzo ya namna hiyo ikikunjika hukatwa na kuwekwa nyingine. Ni gharama, najua, na wamiliki wengi watauliza kama kuna njia ya kati. Kwa nguzo inayomlinda mtu kichwani na mbavuni, sijaiona.

Kama bima kubwa ndiyo inayolipa, usisaini kwamba umeridhika mpaka ufanye jaribio la karatasi, la kadi na la kishikizo mbele ya fundi. Mwambie kwa heshima, "Fundi, tupime pamoja." Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Na kabla ya kuagiza mlango wa mtumba, tuma namba ya chesisi na picha ya mlango wa zamani ukiwa wazi, upande wa bawaba. Toyota IST ya kwanza iliyoanza 2002 na ya pili iliyoanza 2007 zina jina moja, lakini milango yake haiingiliani.

Ukishamaliza kila kitu, kaza bolti za bawaba, kisha kishikizo, na urudie kukaza baada ya siku chache za kutembea. Mahali bawaba iliposogea pamebaki chuma kitupu: paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa sababu hewa ya bahari ya huku haisubiri. Pini na kitasa vipate grisi nyepesi badala ya oili chafu ya injini, ambayo inashika mchanga na kuufanya msasa. Rangi ikikauka, ziba mshono wa chini wa mlango kwa gundi yake, ukiyaacha wazi yale matundu ya maji.